Herufi Mbili za Bibi Regina

Nimestaafu. Siku ya kuniaga, wenzangu walinipa saa kubwa ya ukutani, zawadi nzuri kabisa kwa mtu ambaye kuanzia kesho yake hana mahali pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni kwangu Butimba. Ikifika saa moja asubuhi naitazama, kisha nageukia upande wa pili.

Katika hotuba, kijana mmoja wa ofisini aitwaye Deus alisema mimi nilikuwa nguzo ya uchaguzi katika halmashauri yetu. Nilimfundisha kazi mwenyewe, kwa hiyo najua alichomaanisha: nguzo haisogei hata mtu akiigonga kwa paji la uso. Baada ya soda akaniomba niandike mambo ya vituoni ili wanaoanza sasa wasome, hasa habari za vitambulisho, maana huko ndiko nilikopata jina. Jina lenyewe ni Mama Kadi. Kwa miaka mingi nilidhani ni jina la heshima.

Vyeo sitavieleza, kwa kuwa vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Ajira yangu haikuwa hata ya uchaguzi. Nilikuwa karani wa masjala, mtunza mafaili. Lakini kila uchaguzi ulipokaribia walikusanywa walimu na makarani kama sisi, wakaapishwa na kugawanywa vituoni. Mtu unaondoka Ijumaa ukiwa umeshika faili la likizo za watumishi, Jumapili umekabidhiwa sanduku la kura.

Uchaguzi wangu wa kwanza nilipangwa kituo cha mjini, darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani. Msimamizi wa kituo alikuwa Mzee Masalu, mkuu wangu wa masjala, Msukuma mrefu wa kaunda suti ya kaki, mtu wa maneno machache. Asubuhi ile aliniambia nisinywe chai nyingi kwa sababu karani hana mapumziko, na nimsalimie kila mtu kabla sijamwomba kadi. "Aanze kuwa mtu," alisema, "ndipo awe mpiga kura." Nikaitikia kwa kichwa. Kabla ya saa mbili nilikuwa nimeyasahau yote mawili.

Kazi yangu ilikuwa wino. Mpiga kura akifika kwangu, nichovye kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto, basi. Mtoto wa darasa la pili angeiweza. Lakini kifuniko cha chupa kilikuwa kimekaza, na mimi nilitaka kuonyesha kwamba sihitaji msaada wa mwanamume, nikakifungua kwa meno. Kilifunguka vizuri sana. Mdomo wa chini, kidevu na mkono wote wa kushoto vikawa vya zambarau, na kitenge changu kipya kikapata ramani ya ziwa pamoja na visiwa vyake. Siku nzima watu waliingia chumba kile, wakanitazama, wakatazama chini. Bibi mmoja alimuuliza mwenzake kama yule binti anaumwa.

Mchana, foleni ilipopungua, nikasema na mimi nipige kura yangu. Wakala wa chama kimoja akasimama. Mawakala ni wale wawakilishi wa vyama wanaokaa kituoni kutwa wakituangalia sisi tunaofanya kazi, na huyu alikuwa ameangalia kweli. Alisema kanuni inajulikana: kidole chenye wino hakipigi kura. Wakala wa pili alisema wote waliniona nikijimwagia. Yule wa kwanza alisema aliona wino, hakuona chanzo. Wakabishana. Mzee Masalu aliwasikiliza mpaka wakachoka, kisha akaniita pembeni.

"Kidole chako kimeshapiga kura," akaniambia. "Tatizo ni kwamba wewe bado."

Alinieleza kwamba angeweza kuandika maelezo kwenye fomu ya matukio na kuniruhusu, lakini mimi ni mtumishi wake wa ofisini, na mpaka jioni watakuwa wanasema kituo kile kina wenyewe. Sikupiga kura. Wiki moja baadaye alikuja mezani kwangu na kopo la maziwa ya unga lililojaa mchanga, akaliweka bila maneno mengi. Chupa ya wino ikikaa ndani ya kopo la mchanga haianguki, na ukilishika kati ya magoti unapata nguvu ya kufungulia kifuniko. Nawaambieni wote mnaoanza: bebeni kopo la mchanga. Hakuna semina itakayowafundisha hilo.

Kwa tukio lile mtu mwenye akili angejifunza kwamba kurudishwa mlangoni kunauma. Mimi nilijifunza kwamba kanuni ni kanuni. Nikaondoka na somo lisilo langu kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake msibani, na nikatembea nalo miaka mingi bila kusikia kwamba linabana.

Uchaguzi uliofuata nilikaa kwenye meza ya daftari. Hapo karani anapokea kadi, anatafuta jina, analisoma kwa sauti ili mawakala wasikie. Nikajiona hakimu. Akaja mzee wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa mjini, kavaa shati jeupe lililonyooshwa kama karatasi. Kadi yake ilikuwa safi, jina limo, namba ni ileile. Mimi nikamwomba na pasipoti.

Akauliza kwa upole ya nini. Nikamwambia ni kwa uhakika zaidi. Mzee hakukasirika. Akageuka akamsalimia kila aliyekuwa mezani kwa Kisukuma, mmoja mmoja, akamuuliza Mzee Masalu habari za ng'ombe wake na mvua za kwao Misungwi, akafika kwangu: "Mwangaluka, mayu." Mimi ni Mkerewe. Kisukuma changu kinaishia kwenye bei ya nyanya. Nikaitikia kitu ambacho mpaka leo sijui kilikuwa nini, lakini mawakala wote walicheka, na kwa wale watu wa vyama viwili kucheka pamoja si jambo dogo.

Mzee Masalu alikuja akasimama nyuma yangu. "Meza hii inaomba kadi," akasema. "Haiombi nasaba." Kisha akamwomba radhi yule mzee kwa niaba yangu, akampeleka mwenyewe mpaka kwenye kituturi, yaani kile kibanda kidogo cha kupigia kura. Nilikwenda dukani kwake mwezi uliofuata ili nitubu kwa kununua kitambaa. Alinikumbuka. Aliniuliza kama nina pasipoti ya kununulia.

Baadaye zikaja mashine. Wakati wa kuandikisha wapiga kura tulipewa kompyuta ndani ya begi gumu, kamera, kifaa cha kuchukua alama za vidole, printa ya kadi, na paneli ya sola ya kuwashia vyote hivyo mahali pasipo na umeme. Nilizunguka nayo vijiji vya kandokando ya ziwa. Niliyojifunza ni haya. Paneli ukiiweka chini, kuku watailalia. Shuka jeupe la nyuma ya mtu anayepigwa picha lifuliwe kila jioni, la sivyo siku ya tatu watu wote wanaonekana wamesimama mbele ya ukuta wa jikoni. Na vidole vya wavuvi na wakulima havisomeki: nyavu na jembe vimekula alama zote. Mashine inakataa, mtu anaanza kuogopa kwamba labda hayupo. Usimkandamize kidole kwa nguvu kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Mfute kwa kitambaa chenye maji, mpake mafuta kidogo, zungumzeni habari za samaki, rudia.

Tatizo kubwa lilikuwa mimi mwenyewe. Kwetu herufi r na l ni mapacha, na mimi sikuwahi kuwa mzuri wa kuwatofautisha. Masjala niliwahi kufungua faili la rufaa, nikaandika "lufaa", likapotea miezi miwili kwenye kabati la L huku mwenye rufaa akija kila Jumatatu. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kompyuta na kuambiwa aandike majina ya wananchi. Niliwauliza, wakanitamkia kwa lafudhi zao, Wasukuma, Wajita, Wazinza, nami nikaandika kwa lafudhi yangu. Mwisho nilikuwa nageuza kompyuta na kusema, "Hakiki jina lako." Wengi waliitikia kwa kichwa. Sikuwahi kujiuliza ni wangapi kati yao walijua kusoma.

Miaka ikapita, Mzee Masalu akastaafu, na mimi nikawa msimamizi wa kituo na mkufunzi wa wasimamizi wengine. Hapo ndipo jina la Mama Kadi lilipokomaa. Nilitembea na rula. Mtu akileta kadi naweka rula chini ya jina kwenye kadi, kisha chini ya jina kwenye daftari, nasoma herufi moja moja. Nilirudisha watu ambao kadi zao zilikuwa zimekatika pembeni. Nilimrudisha jirani yangu, tena niliyeshiriki arusi yake, kwa sababu alikuja na kadi ya mkewe kwa bahati mbaya, na badala ya kumwambia tu kwamba amebeba kadi isiyo yake nilimsomea kifungu chote huku foleni ikimsikiliza. Jioni nilikwenda nyumbani nikiwa nimenyooka mgongo kama askari wa gwaride.

Sasa nifike kwa Bibi Regina, maana haya mengine yote yalikuwa njia tu.

Mwaka ule nilipangwa kusimamia kituo cha kijijini, si mbali na Kigongo, wakati ule watu wakivuka kwenda Busisi kwa kivuko, kabla ya daraja. Mwongozo tuliopewa ulisema aliyepoteza kadi ya kupigia kura, lakini jina lake limo kwenye daftari, aruhusiwe kutumia kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva au pasipoti, mradi majina yafanane. Nilikuwa nimelifundisha hilo mwenyewe kwenye semina, nikigonga ubao kwa rula. "Yafanane," nilirudia mara tatu.

Kama saa tatu asubuhi aliingia mama mwembamba wa miaka sabini hivi, kanga mbili, kandambili mkononi kwa sababu ya tope. Watu wa foleni walimpisha kwa umri wake. Nilimwamkia, akaitikia. Alikuwa muuza dagaa wa mwaloni, pale wavuvi wanapotia nanga. Alisema kadi yake ilidondoka ziwani pamoja na pochi alipokuwa akishuka kwenye kivuko. Akatoa kitambulisho cha taifa, kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni na tena ndani ya leso.

Kitambulisho kilisema Regina Lubango. Daftari lilisema Legina Rubango.

Picha ilikuwa yake. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa mmoja. Mimi nilichukua rula.

"Bibi, majina hayafanani," nikamwambia. "Wa kwenye kitambulisho ni Regina. Wa kwenye daftari ni Legina."

"Wote wawili ni mimi," akasema.

Siku ile nilikuwa na mawakala wawili wa vyama visivyoiva chungu kimoja: Magreth, mwalimu wa chekechea, na Juma, fundi baiskeli. Tangu alfajiri walikuwa hawajakubaliana hata kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Wote wawili wakasimama wakasema wanamjua yule bibi, ndiye anayewauzia dagaa, na hakuna Regina mwingine wala Legina mwingine kijiji kizima. Niliwajibu kwamba kazi yao ni kuangalia. Nikamwambia Bibi Regina alete kitambulisho kinachofanana na daftari. Ukifikiri vizuri utaona nilimtaka akatafute karatasi nyingine yenye kosa lilelile. Mimi sikufikiri vizuri.

Aliondoka bila kubishana. Saa sita akarudi na barua ya mwenyekiti wa kitongoji, ina mhuri, inasema Regina na Legina ni mtu mmoja. Alikuwa amemfuata mwenyekiti shambani. Nikaisoma. Nikamwambia barua haimo kwenye orodha ya vitambulisho vinavyokubalika.

Alikuwa ameshika ukingo wa meza, na niliona vidole vyake vyeupe kwa chumvi.

"Mwanangu," akasema polepole, "jina hilo uliliandika wewe."

Nikamtazama.

"Ulikaa pale chini ya turubai la ofisi ya kijiji, na mashine yako. Miwani yako ilikuwa imefungwa uzi upande mmoja. Ulinipaka mafuta vidoleni mara mbili. Mimi nilikutajia jina langu, ukaandika wewe."

Miwani ile naikumbuka. Uzi ulikuwa mwekundu. Sikumkumbuka yeye, maana kwa siku nilikuwa naandika watu wengi, lakini nilijiona wazi kama ninavyoiona meza hii, nimeinama, naandika kwa lafudhi yangu, nageuza kompyuta kuelekea kwa mtu asiyejua kusoma na kumwambia ahakiki. Chaguzi zilizopita alikuwa akipiga kura vizuri kwa sababu kadi yake na daftari vilibeba kosa moja. Kosa lilijificha mpaka kadi ilipozama.

Ningeweza kusema kitu pale. Chumba kizima kilikuwa kinanisikiliza, na mimi nikaona aibu, na mtu kama mimi akiona aibu anasimama wima zaidi. Nilimwambia kwamba hata kama ni hivyo, mikono yangu imefungwa. Akaitazama mikono yangu, akafunga kitambulisho ndani ya nailoni, nailoni ndani ya leso, akatoka.

Nilikaa kama dakika kumi. Magreth na Juma hawakunitazama. Kisha nikatafuta simu nimpigie msimamizi msaidizi, na wakati huo aliyeshika nafasi hiyo ni Deus, huyuhuyu wa hotuba. Mtandao pale ulipatikana sehemu moja tu: juu ya dawati la nyuma, mkono mmoja ukiwa nje ya dirisha. Nikapanda. Askari wa kituo alishika dawati lisipinduke, na mpiga kura mmoja aliyetoka kwenye kituturi akakuta msimamizi wake amening'inia dirishani akipiga kelele ndani ya simu.

Nilimweleza Deus.

"Mama," akasema, kwa sauti ya mtu anayekanyaga yai, "si iko hapohapo kwenye mwongozo, sentensi inayofuata? Kwamba tofauti ndogo ya herufi isimzuie mtu kama picha na taarifa nyingine ni zake. Unajaza fomu ya matukio, mawakala wanasaini."

Nilishuka nikafungua mwongozo. Sentensi ilikuwepo. Kwenye semina nilikuwa nimegonga ubao kwa neno "yafanane", nikaangalia mlangoni nikaona wali umefika, nikasema tutaendelea baada ya chakula. Baada ya chakula tuliendelea na ukurasa mwingine.

Msimamizi wa kituo haruhusiwi kuondoka kituoni mpaka kazi iishe. Nikasema kwa sauti, bila kumtaja mtu, kwamba Bibi Regina anaweza kupiga kura akirudi. Sikumtuma yeyote, mwongozo hauruhusu, na hapa naandika ukweli kadiri ninavyoweza: nilisema nikiwa nawatazama Magreth na Juma. Juma akanyanyuka. Magreth naye akanyanyuka, maana hakuna aliyemwamini mwenzake kwenda kumchukua mpiga kura peke yake. Wakaita bodaboda wakapanda wote wawili nyuma ya dereva, vyama viwili juu ya kiti kimoja, wakashikana viuno kwa sababu ya utelezi. Katika utumishi wangu wote sijaona umoja wa kitaifa wa namna ile.

Walirudi baada ya saa moja. Wawili.

Walimkuta mwaloni anaanua dagaa. Wingu lilikuwa limesimama upande wa ziwa, na dagaa walioloa hawana mnunuzi. Walimweleza, wakambembeleza, Magreth akaanza kumsaidia kukusanya. Bibi Regina aliwashukuru. Ujumbe wake Juma alinipa akiwa anatazama sakafu: "Mwambieni nimekwenda mara mbili nikaambiwa mimi si mimi. Nikienda mara ya tatu nikaambiwa tena, nitaamini."

Nilimwomba Juma arudi kumwambia kwamba mimi ndiye niliyekosea, kwamba nakiri mbele ya wote. Mvua ikaanza. Dereva wa bodaboda alikuwa ameshaondoka. Tulibaki kutazama barabara. Ilipofika saa kumi, wakati wa kufunga, nilitoka mlangoni kuona kama kuna mtu kwenye foleni, kwa sababu aliyekwisha kujipanga hafungiwi. Hakukuwa na mtu. Nikatoka tena. Nikamwomba askari naye atoke aangalie. Kisha nikafunga kituo.

Tulihesabu, tukajaza fomu ya matokeo. Ina nafasi ya kura halali. Ina nafasi ya kura zilizokataliwa, na nilizijaza kwa uangalifu, mawakala wakasaini. Nilipitisha rula mstari kwa mstari mpaka chini, nikaona kwamba hakuna mahali pa kuandika mtu aliyerudishwa. Hesabu zangu zilifanana zote. Kwenye kumbukumbu za nchi hii, kituo changu siku ile hakikuwa na dosari.

Siku ya tatu yake nilikwenda mwaloni na kilo mbili za sukari na hotuba niliyoiandaa njia nzima. Nilimkuta ameinama kwenye chanja, anachambua dagaa waliookolewa kwenye mvua. Nikamwamkia, nikasema nimekuja kuomba radhi, nikaanza hotuba. Aliniacha niseme mpaka nilipokwama mwenyewe.

"Tangu tuoane tulikuwa tunakwenda pamoja," akasema. "Mzee ananishikia kadi yangu mfukoni kwake, maana mimi napoteza. Alifariki mwaka jana. Huu ulikuwa wa kwanza bila yeye. Nilitaka nikitoka pale nipite kaburini, nimwambie nimeweza."

Sikuwa na kifungu cha kumsomea. Nilimuuliza nifanye nini.

"Geuza hao dagaa," akasema.

Niligeuza dagaa mpaka adhuhuri, nimevaa nguo zangu za ofisi. Kila nilipomaliza chanja alipita nyuma yangu na kuwageuza upya, kwa sababu nilikuwa nawavunja vichwa. Hakunikaripia. Aliponipa maji ya kunywa nilijua naweza kwenda nyumbani.

Kuanzia hapo, kila semina niliyofundisha niliianza na Bibi Regina, na sentensi ya pili ya ule ukurasa niliisoma kabla ya ya kwanza. Rula niliiacha masjala. Nilikuwa bado mkali, msije mkadhani nilibadilika nikawa asali. Kadi ya mtu mwingine bado nilikuwa naikataa, na waliojaribu wananikumbuka. Lakini nilianza kusalimia kwanza, miaka ishirini na kitu baada ya kuambiwa.

Uboreshaji wa daftari ulipokuja, ikiwa imebaki kama miaka miwili nistaafu, niliomba nipangwe kulekule karibu na Kigongo. Wakubwa walishangaa, kwani watu wa umri wangu huomba mjini, kwenye feni. Nilikaa na mashine mpya, nyepesi kuliko zile za zamani, na miwani isiyo na uzi. Siku ya nne akaja, na leso yake. Alikuwa amekuja kurekebisha taarifa na kupata kadi nyingine.

Nikamwambia, "Bibi, safari hii nitajie herufi moja moja, nisikosee."

Akatikisa kichwa. "Andika wewe. Nitasoma mimi."

Mjukuu wake alikuwa amemfundisha. Si kusoma kila kitu, alinieleza, majina yake mawili tu, maana ndiyo yaliyomponza. Nikaandika kwa makini yote niliyonayo, nikageuza kompyuta. Akasogea, akaweka kidole kwenye kioo, akaanza herufi moja baada ya nyingine, midomo ikimchezacheza. Foleni ilianza kunung'unika. Nikawaambia wasubiri. Alimaliza jina la kwanza, akapumzika, akaingia la pili, na papo hapo kidole kikasimama.

"Hii si yangu," akasema.

Nikavaa miwani vizuri nikatazama. Nilikuwa nimeandika Rubango.

Nikafuta. Nikaandika L. Yeye akarudi mwanzo kabisa, kwenye R ya Regina, akasoma yote upya bila haraka, kidole kikitembea juu ya kioo mpaka kikafika kwenye herufi ya mwisho.

"Sasa chapa," akasema.